Mume wangu anataka tuuze nyumba, tununue RV na tuhamie South Dakota kwa karatasi

SWALI

Dada mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 56, mzaliwa wa Tanga, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Ni muuguzi katika hospitali moja hapa. Mume wangu ana miaka 62, ameendesha malori ya masafa marefu tangu tufike Marekani. Sasa mgongo umemchosha na atastaafu mwisho wa mwaka. Tuna watoto watatu. Wawili wana familia zao, kitinda mimba yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Minnesota.

Tangu Ramadhani iliyopita mzee ana jambo moja tu mdomoni: RV, yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani. Anasema ameiona Marekani yote kupitia kioo cha lori huku akikimbizana na saa za kufikisha mzigo, na hajawahi kusimama popote akanywa chai akaitazama milima. Anataka tuuze nyumba, tununue RV kwa fedha taslimu kwa kuwa mkopo wa riba hautaki, kisha tuhamishe makazi yetu ya kisheria kwenda South Dakota. Kule hakuna kodi ya mapato ya jimbo, na kodi ya kununua gari ni asilimia 4, wakati Minnesota ni asilimia 6.875. Amesoma kwamba ukilala kule usiku mmoja tu, ukawa na risiti ya kambi au hoteli pamoja na anwani ya kampuni ya kupokea barua, unapewa leseni ya udereva. Rafiki yake dereva kamwambia hata hiyo asilimia 4 ya nini, afungue kampuni Montana, gari lisajiliwe kwa jina la kampuni, asilipe kitu.

Mimi amenipangia niache kazi ya kudumu niwe muuguzi wa mikataba ya wiki 13. South Dakota imo katika mkataba wa leseni za uuguzi unaotambuliwa na majimbo zaidi ya 40, Minnesota haimo. Tutaegesha RV karibu na hospitali yoyote, nitalipwa mshahara pamoja na posho ya malazi isiyokatwa kodi. Kwa hesabu zake tutaweka akiba kuliko sasa.

Majuzi alinipeleka yadi kuliona gari lenyewe. Ni la mtumba, dola 80,000. Nilimtazama akifungua droo ya vijiko, akaifunga, akaifungua tena asikie inavyobana. Akaketi kiti cha dereva, akanigongea kile cha pembeni, "Mama, njoo ukae hapa." Uso ule sijauona tangu harusi ya binti yetu. Nikakaa. Nikasema ni zuri. Muuzaji akadhani nimekubali, na mzee naye akadhani hivyo hivyo. Ametoa kianzio, na tumeambiwa bei hiyo mwisho wake ni mwisho wa mwezi.

Ukweli ni kwamba sijakubali. Nyumba yetu ni nyumba ya watu. Mwenzetu akifiwa, hitima inasomwa kwetu. Mama yangu alipofariki Tanga nikashindwa kusafiri, watu walijaa sebuleni siku tatu na masufuria yakatoka kila nyumba. Nikiishi kwenye gari, pole wataniletea wapi? Dada zangu nyumbani wakisikia tumeuza nyumba tunalala garini watajua tumefilisika. Tena mzee ana kisukari, na dawa zake zinalipwa na bima ya kazi yangu. Bado ana green card pia. Alikuwa ajaze fomu za uraia mwaka huu, sasa anasema tutajaza tukishahama.

Sitaki kumvunja moyo mtu aliyeendesha usiku miaka yote ili watoto wasome. Wala sitaki kuamka siku moja kwenye maegesho ya malori huko Texas nikajiuliza kwetu ni wapi. Nifanye nini?

Mama wa Brooklyn Park

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nilirudi pale yadi, ulipokaa kwenye kile kiti ukasema ni zuri. Sioni kama ulidanganya. Gari lilikuwa zuri, na furaha ya mzee ilikuwa nzuri zaidi. Shida ni kwamba sentensi ile imechukuliwa kama jibu la maswali ambayo hakuna aliyekuuliza bado.

Maana hapo kuna mambo matatu. Kuna kununua RV, kuna kuhamisha makazi ya kisheria, na kuna kuuza nyumba. Mzee ameyafunga kamba moja, na wewe kwa kuliogopa moja umejikuta unayaogopa yote. Nimetafuta katika barua yako mahali unaposema hupendi kusafiri naye, sijapaona. Nimetafuta pia mahali mzee anaposema ana mapenzi na South Dakota, sijapaona vilevile. Alichokisema yeye ni chai na milima. South Dakota imeingia kwa mlango wa hesabu, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Gari la dola 80,000 kodi yake Minnesota ni dola 5,500. South Dakota ni dola 3,200. Tofauti ni dola 2,300. Ni fedha, sikatai, lakini ipime kwa jicho la mtu anayeuza nyumba kwa ajili yake. Wengi huogopa kwamba wakinunua gari katika jimbo moja kisha wakahamia jingine watatozwa mara mbili. Kwa kawaida majimbo hutambua kodi uliyokwisha kulipa kwingine, na South Dakota ni mojawapo. Ukinunua hapa leo, ukahama mwakani, risiti ya kodi ya Minnesota inakulinda. Kwa hiyo haraka ya kuhama kabla ya kununua inaokoa hizo 2,300 tu, na inaziokoa kihalali ikiwa mmehama kweli. Mkichukua namba za gari za South Dakota huku mnalala Brooklyn Park, wewe unaingia zamu hapa na kijana anasoma hapa, Minnesota ina haki ya kudai kodi yake.

Hiyo ya Montana naomba mzee aiache kabisa. Montana haina kodi ya mauzo, hilo ni kweli, na ndiyo sababu watu hufungua kampuni za jina tu kule. Lakini kodi inafuata mahali mwenye gari anapoishi na kulitumia, na majimbo mengi sasa yanawafuatilia watu hao kwa faini na riba. Na bima yenyewe huuliza gari ni la nani na linalala wapi. Ukiijibu uongo, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa, na hapo mtakuwa mmepoteza gari na nyumba kwa pamoja.

Sasa kodi ya mapato. South Dakota haitozi, sawa. Lakini mshahara hutozwa na jimbo ulikoufanyia kazi. Ukipata mkataba California, California itakata ya kwake hata kama leseni yako imeandikwa South Dakota. Ukirudi kwa mkataba Minneapolis, Minnesota itakata. Nafuu utaiona ukifanya kazi kwenye majimbo yasiyotoza, kama Texas, Florida au Tennessee, na kwenye pensheni ya mzee ambayo hufuata makazi yake. Hesabu zake alizipiga na mikataba ya wapi? Muulize kwa upole, huenda hajafika huko.

Posho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Posho ya malazi haikatwi kodi kwa sababu serikali kuu inaamini una nyumba nyingine unayoigharamia, na kazi imekupeleka mbali nayo kwa muda. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ina jina kwa mfanyakazi asiye na kituo kikuu cha kazi wala mahali pa kudumu pa kuishi: humhesabu kuwa mtu wa kuhamahama, nyumba yake ni pale alipo kazini. Mtu huyo hana alichokiacha nyuma, na posho yake inakuwa mshahara wa kawaida unaotozwa kodi. Anwani ya kampuni ya kupokea barua haitoshi kuwa nyumba. Unaona mpango unavyojipinga? Nyumba ikiuzwa, sehemu kubwa ya faida ya mikataba inaweza kwenda na nyumba hiyo. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kaa na mtaalamu wa kodi anayewahudumia wauguzi wa mikataba, umlipe kwa saa yake, umwekee mpango wote mezani.

Hoja ya leseni ya uuguzi, hiyo mzee ameiona vizuri. Leseni ya majimbo mengi hutolewa na jimbo lililo makazi yako makuu, na kwa muuguzi wa mikataba inaondoa usumbufu mwingi. Lakini leseni hiyo nayo inataka makazi ya kweli, yanayothibitishwa na leseni ya udereva, mahali unapopiga kura na jimbo unalojaza kodi. Wakati huohuo unaweza kuomba leseni ya jimbo moja moja kwa kadiri ya mikataba unayoitaka. Ni pole pole na kuna ada, ila haikudai uhame.

Halafu kuna sentensi uliyoipitia haraka, kwamba fomu za uraia zitajazwa mkishahama. Hapo, dada yangu, nilisimama. Anayeomba uraia anatakiwa awe ameishi angalau miezi mitatu katika jimbo au wilaya ya uhamiaji anakoombea. Mwenye green card akibadili anwani anapaswa kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10. Na fomu ya uraia inatenganisha anwani ya barua na mahali unapoishi kimwili, inataka ulikoishi miaka mitano nyuma, inauliza na habari za kodi. Mtu aliyelala Minnesota Septemba, Arizona Desemba na Texas Februari anaweza kuijibu fomu hiyo kwa ukweli, lakini ana kazi ya kujieleza. Mzee leo ana anwani moja iliyotulia, na rekodi safi ya kazi na kodi. Sisemi asubiri au asisubiri. Nasema swali hili lina uzito kuliko zile dola 2,300, na wakili wa uhamiaji aulizwe kabla ya muuzaji wa magari. Pengine mzee mwenyewe, akiliona hivyo, ndiye atakayesema twende kwa zamu, uraia kwanza, milima baadaye. Pengine hatasema. Lakini alione.

Kuhusu bima ya afya una haki ya kuogopa. Ukiacha kazi, bima hiyo inakatika, na mikataba ya wiki 13 huacha mapengo katikati. Kuhamia jimbo jipya kunaweza kuwafungulia dirisha la siku 60 la kununua bima nje ya msimu, lakini nyingi za bima hizo hulipa hospitali za jirani na makazi yako, na mbali na hapo hulipa dharura tu. Insulini na vipimo vya kila miezi mitatu havihesabiwi dharura. Mzee akifika 65 ataingia Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, ambayo ile ya kawaida hukubalika karibu kila mahali nchini. Miaka hiyo mitatu iliyobaki ndiyo ya kupangiwa.

Kijana naye asisahauliwe. Ada nafuu ya mwanafunzi mkaazi wa jimbo hutazama makazi ya wazazi pia. Apige simu ofisi ya usajili ya chuo, aulize wazazi wakihama katikati ya masomo inakuwaje. Ni simu ya dakika kumi.

Nije kwenye hitima na masufuria. Uliliandika hilo kama vile unaona haya, kana kwamba ni jambo la moyo tu na mzee ana mambo ya akili. Makazi ya kisheria yenyewe yanauliza swali lako hilohilo: ni wapi unakokusudia kurudi? Minnesota ina orodha ya mambo 26 inayotazama kuamua kama mtu amehama kweli. Mle mna leseni na akaunti za benki, mna na mahali unapoabudu, shule ya watoto, hata leseni ya kuvulia samaki. Kama moyo wako, msikiti wako, kijana wako na kazi yako viko Brooklyn Park, basi hata afisa wa kodi atakuona wa Brooklyn Park. Mzee anahitaji kulisikia hilo kwako likiwa limenyooka: "Mimi nakusudia kurudi hapa."

Ila nikuulize na wewe jambo. Ile sebule ndiyo iliyoijenga jamii yenu, au ni nyie wawili? Nauliza kwa sababu umebeba nyumba ya watu miaka mingi, na unakaribia 60. Binti yako aliyeolewa anaishi wapi? Je, hitima ijayo haiwezi kusomwa kwake, wewe ukiwa ndiye mkubwa unayeketi na kuhudumiwa? Sikupi jibu. Kuna kina mama ambao nyumba ndiyo pumzi yao, na kuna walioishikilia kwa kuogopa maneno ya dada zao. Wewe peke yako unajua uko wapi.

Njia za kati zipo, na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kukodi RV kwa wiki kadhaa majira ya joto, ukiwa likizo, bila kugusa karatasi yoyote. Mtajua nani anamwaga tangi la choo, mnagombana kiasi gani nafasi ikiwa ndogo, na kama mgongo wa mzee bado unataka usukani. Ubaya wake ni kwamba kukodi ni ghali, na mzee anaweza kuona unamchelewesha. Mnaweza kununua RV ya bei ndogo kwa akiba, mkabaki wakaazi wa Minnesota, mkaondoka miezi ya baridi. Hapo mtalipa kodi ya Minnesota na kuendelea kugharamia nyumba, lakini uraia, bima na ada ya kijana havitikisiki. Mnaweza pia kuipangisha nyumba badala ya kuiuza. Sheria ya kodi ya nchi huwaruhusu mke na mume kutotozwa kodi kwenye faida ya hadi dola 500,000 wakiuza nyumba waliyoishi angalau miaka miwili kati ya mitano iliyopita, kwa hiyo mkihama leo mna kama miaka mitatu ya kujaribu kabla nafuu hiyo haijapotea. Ubaya ni wapangaji na matengenezo, na ukipangisha nyumba nzima hiyo si nyumba yako ya kurudi kesho, jambo litakalogusa tena hoja ya posho.

Na mkiamua kuhama kikamilifu, iwe South Dakota au Texas, hameni kwa kila kitu: leseni, bima, benki, daktari, kura. Hata kura iulizeni mapema, maana tangu 2023 South Dakota imekaza masharti kwa wanaotegemea anwani za kampuni za barua. Na fikirini Januari. Kaskazini mabomba ya RV huganda, kambi nyingi hufungwa, na maegesho ya hospitali si mahali pa kuishi. Mkataba wa Fargo, North Dakota, wakati wa baridi unaweza kuwapeleka kupanga chumba, RV ikilala yadi.

Utamwambiaje? Nisingeanza na hatari, kwa sababu mtu aliyefurahi akisikia orodha ya hatari husikia "hapana" tu. Anza na kile kiti. Mwambie ulikaa kwa kuwa ulipenda kuuona uso wake, na kwamba unataka kusafiri naye, kama ndivyo ilivyo. Kisha mwambie yale masufuria, kwa maneno uliyoniandikia mimi, maana sidhani amewahi kuyasikia yakisemwa. Mwache naye aseme anachokikimbia. Wanaume wengi wa malori wakikaribia kustaafu huogopa nyumba yenye kimya, na RV huwa ndiyo kazi yao mpya. Kama ni hivyo kwake, huenda kuna majibu mengine ambayo bado hamjayagusa.

Kuhusu gari lenyewe, mpe kazi anayoiweza kuliko wote. Arudi akague matairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, 2319 ikiwa ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya RV huzeeka yakiwa bado yana meno. Abonyeze kwa kiganja pembe za dari na kuta za chumba cha nyuma, penye ulaini maji yamekwishaingia. Kisha mkaguzi wa kujitegemea, asiyelipwa na yadi, alipitie lote. Na muuzaji awaandikie kwa karatasi kama kianzio kinarudishwa na hadi tarehe gani, ili mjue mna siku ngapi za kuzungumza bila yeye kuwahesabia.